Garaji Isiyo na Mlango

Kwa baba yangu, mlango uliofungwa mchana ulikuwa na maana mbili tu: kuna mgonjwa mahututi ndani, au kuna mtu anayekula nyama peke yake. Zaidi ya hapo watu waliingia. Waliingia kuchukua moto, kurudisha jembe, kuomba chumvi, kuangalia kama umeamka na kwa nini bado hujaenda shambani. Boma letu lilikuwa kwenye mgongo wa kilima juu ya Nyabiondo, nyumba ya baba upande wa juu, yangu upande wa chini, na katikati uwanja uliofagiliwa vizuri ambao hakuna aliyeuvuka bila kuulizwa anaenda wapi. Nilirudi kuishi pale mwanzoni mwa miaka ya sitini, mtu mzima mwenye mke, na katika miaka iliyofuata sikumbuki hata asubuhi moja niliyokaa peke yangu.

Sikurudi kwa kupenda. Tangu ujana nilikuwa kazini kwenye shamba la kahawa la Mzungu mmoja, karibu na ziwa, upande wa Bweremana. Nilianza kwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa katika garaji yake, nikaishia kufungua injini na kuzifunga tena. Baada ya uhuru Mzungu akaondoka na shamba likalala. Aliniachia sanduku la vyombo: spana, misumeno, randa, keekee, nyundo, na lile jiliwa zito la kubania vyuma ambalo sisi tuliliita eto. Nililibeba sanduku lile mpaka kilimani, shingo ikaniuma kwa wiki kadhaa. Kisha fujo za miaka ile zikaziba barabara. Kila ukishuka ulikuta kizuizi, na kwenye kizuizi askari asiyependa uso wako. Nikawa nimefunikwa juu ya kilima kama kuku chini ya kikapu.

Lakini si vyombo vilivyoninyima usingizi. Ni Jumapili za yule Mzungu. Wiki nzima alikuwa mkali, anafoka kwa sababu ya kahawa, kwa sababu ya mvua, kwa sababu ya supu. Jumapili baada ya misa alijifungia katika garaji yake, na kupitia ufa wa mlango nilimwona mtu mwingine kabisa. Alipiga mluzi. Alikata mabati ya makopo akatengeneza kuku wadogo wanaodonoa upepo ukivuma. Siku moja nilimwuliza atawauza wapi. Akacheka, akasema hauzi. Basi ni wa nini? Akafikiri kidogo, akasema ni wa Jumapili.

Nilimwonea wivu. Shamba lake sikulitaka, wala motokari yake, wala jumba lake la mawe. Niliutaka ule mlango, na nyuma yake mtu anayepiga mluzi bila kuulizwa anafanya nini.

Hivyo nilianza kupanga. Chini ya nyumba yangu, pembeni kabisa mwa boma, palikuwa na kipande cha ardhi tambarare ambapo mke wangu alianika maharage. Nilipapima kwa miguu mara nyingi hadi nyasi zikafa. Nilichora kwa kijiti udongoni: hapa meza ya kazi, chini ya dirisha; hapa jiliwa, juu ya kisiki; ukuta wa nyuma wote misumari, kila chombo na msumari wake; hapa mlango mwembamba, na juu ya mlango kufuli. Kufuli nilikuwa nimeshanunua. Nililificha chini ya godoro, na wakati mwingine nililitoa nikalifunga na kulifungua, ili tu nisikie linavyolia.

Ningemweleza nani? Kwetu mtu mzima huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mimi na mke wangu tulikuwa tumeoana miaka mingi bila mtoto, kwa hiyo tuliitwa Papa na Mama tupu, na kila aliyetuita hivyo alisita kidogo, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo. Sasa mtu wa namna hiyo asimame mbele ya ukoo aseme anataka nyumba ya kuchezea? Wangenipeleka kuombewa. Niliona aibu hata kumwambia mke wangu. Nilijisemea nitamwonyesha ikiisha.

Kwa baba nilisema maneno machache kadiri nilivyoweza; na mke, kwetu, tunamwita bibi.

"Papa, niko nataka kujenga kanyumba. Pale chini, pembeni ya nyumba ya bibi yangu."

Baba alikuwa anachonga mpini wa jembe. Akauweka chini, akanitazama, na macho yake yakajaa maji. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mutoto yangu," akasema. "Nilikuwa najiuliza utasema siku gani."

Nilitoka pale nikitembea juu juu. Nilijua baba anapenda watu wa kazi, lakini sikujua ana moyo mpana hivyo. Nikajiona mtu mwenye bahati, mwenye baba anayeelewa mambo bila kuelezwa. Mjinga hana alama usoni, anajionea tu bahati yake.

Siku ya kujenga watu walikuja wengi kuliko nilivyotegemea. Baba mwenyewe alikuwa amekamua ndizi na kuivisha kasiksi, pombe ya kutosha kilima kizima, bila mimi kumwomba. Wanaume walisimamisha miti na kufunga matete; wanawake walichota maji mtoni na kukanyaga udongo. Kwetu matope ni kazi ya wanawake tangu zamani. Mwanamume hakanyagi matope wala hayashiki, na mambo ya matope wanawake huambiana wenyewe kwa wenyewe. Mimi nilikuwa nimeondoka nyumbani bado kijana, nikakulia kwenye injini, na baba yangu alibatizwa akabaki na mke mmoja. Mambo hayo ningejifunza wapi?

Mke wangu hakutoka asubuhi yote. Nilidhani anapika. Kisha, wakati matete yalikuwa yamefungwa na matope tayari, akatokea nyuma ya nyumba yake amevaa kikwembe, kitenge chake cha kanisani, amebeba beseni kichwani. Alikuwa amejichanganyia matope yake mwenyewe, huko nyuma, peke yake. Wanawake wote wakampisha. Akatua beseni mbele ya ile nyumba, akachota tonge la matope, akalibandika kwenye matete karibu na mlango, akalisambaza kwa kiganja. Akachota tena. Ukuta wa mbele wote akaupaka yeye, na kila aliyetaka kumsaidia alimwondoa kwa kiwiko. Wanawake wakapiga vigelegele, lakini vigelegele vyembamba, na mama mmoja mzee akajipangusa macho kwa ncha ya nguo.

Nilikuwa nimesimama kando na nyundo mkononi, na moyo ulinijaa. Nilidhani mke wangu amegundua siri yangu na hajanicheka. Nilidhani amekuja kunibariki. Kwa furaha nikapaza sauti mbele ya watu wote:

"Asante sana, mama! Asante!"

Wanawake wakanitazama kana kwamba nimetukana katikati ya misa. Mke wangu hakuinua uso. Alinawa mikono, akachukua beseni lake, akarudi ndani.

Ukweli niliupata nikiwa juu ya paa. Ilikuwa siku chache baadaye, tunaezeka. Nimekaa kwenye mgongo wa nyumba, mguu huku na mguu huku, nafunga nyasi. Chini baba, mdogo wake na wazee wawili wa jirani wameketi na mtungi. Walikuwa wanazungumza juu ya shangazi fulani wa kijiji cha Ntoto ambaye atakuja kuangalia nyumba ikikauka, na juu ya mbuzi ambao wamekwisha kufika kule salama, ingawa njia ya msituni ilikuwa mbaya.

"Shangazi ya nani?" nikauliza kutoka juu.

Wakacheka. "Shangazi ya bibi yako," akasema baba.

"Shangazi ya bibi yangu alikufa zamani."

"Ule ni wa bibi mukubwa," akasema baba mdogo. "Huyu ni wa ule mwingine."

Nyasi zikanitoka mikononi. Nikauliza mwingine yupi. Wakanitazama kwa upole, kama wanavyomtazama bwana arusi mwenye haya. Baba akaeleza, tena kwa majivuno, ili wale jirani nao wasikie: kwamba mwanawe alikuja mwenyewe akasema anataka kanyumba pembeni ya nyumba ya mke wake, kwamba mtu akisema vile kwetu amesema yote, na kwamba mkwe wake, mwanamke mwenye moyo, amefanya kama walivyofanya wanawake wa zamani.

"Yeye mwenyewe amepaka matope ya kwanza, mbele ya batu wote. Bibi mukubwa akipaka, amekubali. Akikatala, anafungaka mulango na kaka zake wanakuja. Huyu amepaka ukuta muzima!"

"Lakini Papa, hii ni atelye!"

"Atelye njo nini?"

"Nyumba ya kazi. Ya vyombo."

"Bien, vizuri," akasema baba mdogo. "Na bibi mupya naye atakuja na vyombo vyake. Sufuria, masahani..."

Walicheka hadi mtungi ukatikisika. Ngazi walikuwa wameihamishia upande wao, na baba mdogo ameiegemea. Nikabaki juu pale, natazama kilima chote: mashamba ya maharage, migomba, moshi wa nyumba ya mke wangu unapenya nyasi, na mbali kule Walikale, msitu, ambamo kulikuwa na binti nisiyemjua hata kwa sura, aliyekwisha kuambiwa jina langu. Niliogopa. Nasema wazi, sijawahi kuogopa hivyo hata mbele ya askari.

Jioni ile nilikaa jikoni kwa mke wangu. Alikuwa anachagua maharage, anatupa mabovu motoni. Nikamweleza yote, nikianzia na Mzungu, mluzi na mlango uliofungwa.

"Mutu anajenga nyumba muzima sababu ya kuku ya bati?" akauliza.

"Ndiyo."

"Sawa," akasema.

Hakuna neno linalofunga njia kama "sawa" ya mwanamke ambaye hakuamini. Nikamtolea kufuli. Akalitazama, na nikaona kwamba limeharibu zaidi: mume gani anafungia misumeno kwa kufuli jipya? Nikapandisha sauti.

"Sasa juu ya nini hukuniuliza? Unaona mutu anajenga, unanyamaza, unaenda kupaka matope!"

"Na wewe?" akasema taratibu. "Wewe uliniuliza?"

Akaendelea na maharage.

Kaka yake, anayekaa ng'ambo ya bonde, alikuja siku iliyofuata na ndiye aliyeniambia waziwazi mke wangu alichokwisha kuamua. Dada yake alikubali mbele ya watu ili asije akasemwa kwamba alifukuzwa kwa ubaya wa moyo. Lakini siku yule wa Ntoto atakapoingia, yeye atatoka, arudi kwa kaka zake, na hatarudi tena. Vitu vyake alikuwa ameshavifunga. Nilidhani kaka mtu anatishia tu. Nilipoingia chumbani nikaliona furushi kando ya kitanda upande wake, limefungwa kwa kikwembe cha njano, fundo limekazwa kwa meno. Kila nilipolala nililiona. Alipika, alilima, alinijibu kila nilichomwuliza, na furushi likakaa pale pale kama mgeni anayesubiri tu mvua ikatike.

Mwalimu wa dini naye akaja, amevaa koti. Akasema kwa masikitiko kwamba sitaweza kukomunika, yaani kupokea ekaristi, na kwamba ngoma ya kanisani niliyokuwa napiga itapigwa na mwingine.

"Lakini mimi sina bibi wa pili!"

"Nyumba yake iko pale."

"Ile ni nyumba ya nyundo."

"Papa," akaniambia, "batu wote waliona matope."

Sasa hesabuni wenyewe mtego ule. Kanisa linaniadhibu kwa mke nisiye naye. Baba ananidai wajukuu kwa mke nisiyemtaka. Mke ninayemtaka ameshafunga mizigo. Kwa nini usibomoe tu, mtaniuliza. Nyumba iliyosimamishwa na mikono ya watu, na pombe yake imekwisha kunywewa, mwenyewe akiibomoa kabla haijakaliwa ni kama ameliitia boma kifo, na baba yangu alikuwa ameanza kukohoa. Ningetoroka? Barabara ilikuwa imefungwa. Zipo asubuhi nilizomwomba Mungu motokari inigonge, lakini hata motokari hazikuwa zinapita.

Kisha mvua ikaanza. Ilinyesha mchana na usiku, ile mvua ya kwetu inayokuja imelala ubavu, na ukungu ukakaa uwanjani. Ilipopumzika nikaenda kuangalia nyumba yangu ya balaa. Kuta tatu zilikuwa imara. Ule wa mbele, aliopaka mke wangu, ulikuwa umeteremka wote. Matope yalilala chini rundo, na matete yamebaki uchi, unaona mpaka ndani. Nikalaani udongo, nikalaani mteremko, nikalaani ukungu. Nilisimama nimelowa mbele ya lile pengo pana, na pole pole nikaanza kuona nimeshaliona mahali. Garaji ya kule ziwani, milango yake ikifunguliwa, ilikuwa na mdomo wa namna hii hii.

Nikakimbia kuchukua msumeno. Niliingiza gogo nene juu, la kubeba paa, kisha nikakata miti yote ya mbele, mmoja mmoja, na ule mlango mwembamba niliouota pamoja na fremu yake nikautupa kwenye migomba. Baba akashuka mbio kwa kelele za msumeno.

"Unabomoa!"

"Sibomoi, Papa. Napanua mulango."

"Mulango gani hii? Unataka kuingiza ng'ombe ngapi?"

"Motokari."

Akageuka akatazama kijia kinachopanda kwetu, ambacho hata mbuzi wawili hawakuweza kupishana. "Motokari gani?"

"Ile itakuja."

Alinitazama kama mtu anayemtazama mwanawe akizama, na kweli iliniuma, kwa sababu nilijua anachokitaka na nilijua ni haki yake kukitaka. Lakini niliendelea kukata. Mahali wanawake walipokuwa wameweka mafiga ya jiko nikachimba, nikasimamisha kisiki, nikafunga jiliwa. Pale ambapo kitanda kingekaa nikaweka meza ya kazi. Ukuta wa nyuma nikaujaza misumari, na kwenye misumari spana, nyundo, misumeno, kila kitu kionekane hata ukiwa ng'ambo ya bonde. Nilitaka kila mpita njia aone kwamba humu hawekwi mwanamke. Kisha nikatengeneza mwanamke wa mbao, mkubwa kidogo kuliko paka, mwenye kinu na mchi, na mgongoni mapanga ya bati ya kushika upepo. Nikampandisha kwenye ukingo wa paa. Upepo ukivuma alitwanga. Kitu nilichotaka kukitengeneza kwa mluzi nilikitengeneza kwa hasira, na meno nimeyauma.

Shangazi wa Ntoto alifika siku kavu, na wanawake wawili wa ukoo wao, miguu imejaa matope ya msituni hadi magotini. Alikuwa mwanamke mrefu, wa maneno machache. Alipewa maji, akanywa, akasema aonyeshwe nyumba. Boma zima likamfuata. Mke wangu alitoka pia, akasimama mbali, mikono ameifunga kifuani. Baba alitembea mbele kama mtu anayepelekwa kwa hakimu.

Shangazi akaizunguka nyumba yote. Akarudi mbele.

"Mulango iko wapi?"

"Njo hii, mama," nikasema, nikionyesha pengo lote.

"Kitanda?"

"Hakuna."

Juu yetu upepo ukapita. Tok, tok, tok. Akainua macho.

"Na hii njo nini?"

Nilikuwa bado natafuta neno, jirani mmoja akadakia: "Njo bibi yake wa pili, mama. Anatwangaka muchana muzima na hakulaka kitu!"

Watu wakavunjika mbavu. Shangazi alikaza uso, akashindwa, mabega yakaanza kutikisika. Alipomaliza kucheka akamgeukia baba, na safari hii kwa heshima zote.

"Papa, mututolee makosa. Mutoto yetu hawezi kulala mu garaji."

Akaomba njia siku ile ile. Mbuzi wa mahari walirudi baada ya muda, isipokuwa yule aliyekuwa ameshaliwa. Kanisani nilirudishiwa ngoma yangu. Kwa ukoo wote nikawa kichekesho, mwenye garaji bila motokari, na nilivaa kichekesho kile kama koti, kwa sababu kilikuwa kimenikinga.

Baba hakucheka. Tangu siku ile aliacha kushuka kwangu. Akitaka kwenda mtoni alipita njia ya juu, ndefu, huku anakohoa, na mimi kwenye meza yangu nilikisikia kikohozi kikizunguka boma. Nilikwenda kwake kila asubuhi kumsalimia. Aliitikia, akaniuliza habari za shamba. Neno mjukuu halikutoka tena kinywani mwake, na afadhali angenitukana.

Na furushi halikufunguliwa. Mke wangu alianza kuja garajini mchana, akiketi kwenye ukingo wa kisiki na ungo wake, anachagua maharage na kunitazama. Niliranda mbao, akatazama. Nilitafuta msumari, akatazama. Nilijua anasubiri aone nyumba ile ni ya nini hasa. Mlango sikuthubutu kuweka, maana siku nitakayoweka mlango maneno yataanza upya. Kufuli lilipata kutu. Na kwa kuwa hapakuwa na ukuta wa mbele, kila aliyepita aliniona nimekaa na vyombo, akanikumbuka, akaleta jembe lililolegea, ndoo iliyotoboka, baiskeli ya mjomba wake. Jumapili ndiyo walikuja zaidi, wametoka misa. Nilitamani chumba kimoja duniani cha kuwa peke yangu, na nilichopata ni kuketi mbele ya kilima kizima kama padri altareni. Siku nyingine nilijificha nyuma ya migomba yangu mwenyewe, ili nipumzike na garaji yangu.

Kikaja kiangazi kingine. Kuta za pembeni zikaanza kupasuka kidogo, kama kawaida. Sikumwambia mtu. Asubuhi moja nikasikia jembe, nikatoka, nikamkuta mke wangu anachimba udongo kando ya garaji. Akamimina maji, akapandisha nguo magotini, akaingia akaanza kukanyaga.

"Kata majani," akaniambia bila kuinua kichwa.

"Majani ya nini?"

"Ya kuchanganya. Matope bila majani, mvua ya kwanza inaangushaka. Kila mwanamuke anajua ile."

Nikachukua panga. Nikafika kwenye nyasi, nikasimama. Nikarudi.

"Ile ukuta ya mbele," nikasema. "Uliweka majani?"

Aliendelea kukanyaga, mguu mmoja, mguu mwingine.

"Batu walikuwa wanaangalia mikono yangu," akasema. "Hakuna mwenye aliangalia mu beseni."

Nilibaki nimeshika panga. Miezi yote ile nilikuwa nimejisifu kimoyomoyo kwamba ni mimi niliyetutoa mtegoni, mimi na msumeno wangu. Na ukuta nilioulaani, nikalaani na udongo na mteremko, alikuwa ameshauangusha yeye siku ile ile aliyoupaka, amevaa nguo ya kanisani, wakati mimi namshukuru mbele za watu.

"Na hii?" nikauliza. "Hii ya leo?"

"Njo maana nakuambia kata majani. Kata mingi."

Nilikata mpaka mikono ikachanika. Niliporudi na mzigo begani alikuwa amefika katikati ya matope, na hapo ndipo nilipoitazama nguo aliyoipandisha magotini. Ilikuwa kikwembe cha njano, kimejaa udongo, na kwenye pembe moja bado kina mikunjo ya fundo. Juu ya paa upepo ukapita, yule mwanamke wa mbao akatwanga. Nikamwaga majani, nikavua viatu, nikaingia nikakanyaga naye, na waliokuwa wanapita njiani wakasimama kututazama.